Soda, sindano au alfajiri: njia tatu za kufanya mazoezi kwa anayechoma insulini

Saa kumi na robo jioni, kiwanja cha mchangani, viatu vimeshafungwa kamba. Mashine ya kupima sukari ya damu inasoma 6.8 (kwa mmol/L). Mwenzangu wa kliniki, naye anachoma insulini, ananiambia: "Kunywa soda kwanza kaka, hiyo haikufikishi mapumziko." Mwingine, ambaye mdogo wake ana kisukari, anasema soda ni kujitafutia matatizo, ningepunguza sindano tangu mapema. Kocha, asiye na kisukari ila ana jibu la kila kitu, anauliza kwa nini nisikimbie tu alfajiri kama watu wa klabu za joging.

Wote watatu walikuwa na hoja. Ila hoja zao hazimfai mtu mmoja kwa siku moja. Na ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa kwa mtu mwenye kalamu za insulini za kisasa, kifaa cha kubandika mkononi kinachosoma sukari usiku kucha, na friji isiyokatikiwa umeme. Wengi wetu tunachoma mchanganyiko wa 70/30 (chupa moja yenye asilimia 70 ya insulini ya polepole na 30 ya muda mfupi), asubuhi na jioni, na stripu za kupimia tunazihesabu. Nimezilinganisha njia hizi tatu kwa macho ya mtu wa namna hiyo, bila kumsahau mwenye kalamu.

Ulinganisho huu ni wa wanaochoma insulini, wa aina ya kwanza na wa aina ya pili. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake, sukari yake ni nadra kushuka sana kwa sababu ya mazoezi. Wa vidonge vya glibenklamidi anaweza kushuka kweli, ila mambo yake ni mengine. Amuulize daktari wake. Na namba zote zilizomo humu zipeleke kliniki kwanza, uzijadili na anayekujua, ndipo uguse dozi.

Kwa nini sukari inashuka

Mtu asiye na kisukari akianza kukimbia, kongosho lake linapunguza insulini papo hapo, na ini linaachia sukari ya kutosha misuli. Sisi hatuna anasa hiyo. Insulini ukishaichoma hairudi kwenye chupa. Inaendelea kulibana ini lisitoe sukari, huku misuli nayo inaivuta kwa kasi. Daktari Robin Lawrence wa London, ambaye mwenyewe aliishi na kisukari, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1926, miaka minne tu baada ya insulini kuanza kutumika kwa binadamu: dozi ileile hushusha zaidi ukichanganya na mazoezi.

Kuna na deni la baadaye. Misuli ikimaliza akiba yake huirudishia kwa saa nyingi, mara nyingine siku nzima na zaidi, na sukari ya kuijaza inatoka kwenye damu. Ndiyo maana mtu anacheza saa kumi jioni akiwa salama, kisha anashuka saa nane usiku.

Mazoezi makali sana ya muda mfupi yana tabia tofauti: adrenalini hupandisha sukari kwa muda. Ukimaliza mbio za kasi na kukuta 13, usikimbilie kuishusha kwa dozi nzima. Mara nyingi inateremka yenyewe.

Nimezipima kwa vigezo gani

Njia inakutaka ujue mapema kiasi gani kwamba utafanya mazoezi? Insulini gani inaikubali? Inakulinda vipi uwanjani, na vipi usiku? Na inagharimu nini, mfukoni na kwenye uzito? Hayo ndiyo nimeuliza kila njia.

Kabla ya njia yoyote, soma mashine. Chini ya 3.9 (70 kwa mashine za mg/dL) huanzi, tibu kwanza. Ukiwa ulishuka ndani ya saa 24 hadi ukahitaji mtu wa kukusaidia, siku hiyo pumzika. Kati ya 4 na 5, kula gramu 10 hadi 20 za wanga na usubiri ipande. Kati ya 5 na 7, gramu kama 10 kabla ya kuanza. Kati ya 7 na 10 (126 hadi 180) ni mahali pazuri kwa mazoezi ya hadi saa moja. Juu ya 15 (270), pima ketoni (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini), hata kwa stripu ya mkojo. Zikiwepo, au ukiwa na kichefuchefu na tumbo linauma, hapo mwili umekosa insulini, na kukimbia kutazidisha ubaya.

Njia ya kwanza: kupunguza sindano

*Maandalizi.* Unatakiwa kujua saa kadhaa kabla. Mechi ya kuitwa ghafla haiingii hapa, dozi imeshakwenda.

*Insulini.* Hapa pana mambo. Mwenye insulini ya haraka ya kalamu, inayoanza kazi ndani ya robo saa na kuisha kwa saa tatu hadi tano, ndiye njia hii ilitengenezewa. Akipanga kukimbia ndani ya saa mbili hivi baada ya mlo, anapunguza dozi ya mlo huo. Miongozo inayotumiwa na wataalamu inaanzia karibu nusu ya dozi kwa nusu saa ya mwendo wa wastani, na kupunguza robo tatu kwa saa nzima. Kwa mfano, aliyezoea yuniti 6 kwa chai na chapati atachoma 3 kwa nusu saa ya joging, au 1 hadi 2 kwa saa nzima. Insulini ya siku nzima, kwa mazoezi ya kawaida, haiguswi. Siku ya kazi ndefu kweli, kama kupanda mlima au kulima kutwa, ndipo wengine huipunguza kama asilimia 20.

Mwenye insulini ya maji, ile angavu ya zamani, akumbuke kwamba inaanza baada ya nusu saa, inapamba moto saa ya pili hadi ya nne, na inaweza kuendelea hadi saa nane baada ya kuchomwa. Sindano ya chakula cha saa saba mchana bado inafanya kazi saa kumi jioni. Kwake, dozi ya kupunguza kabla ya mpira ni ile ya mchana, hata kama anaona kama ni zamani.

Mwenye mchanganyiko wa 70/30 ana mtihani. Tuseme anachoma yuniti 20 saa moja asubuhi. Ndani yake 6 ni za muda mfupi, za chai, na 14 ni zile za rangi ya maziwa, zinazofikia kilele kati ya saa ya nne na ya kumi. Hesabu: saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mpira wa jioni unaangukia humohumo. Akitaka kuilegeza jioni, lazima apunguze asubuhi, na chupa haina namna ya kutenganisha. Akishusha hadi 16, anabaki na karibu 5 za chai na 11 za mchana. Jioni itatulia, ila saa nne asubuhi sukari itakuwa juu. Huo ndio ubadilishanaji wenyewe, na kwa siku moja moja si mbaya. Kwa anayecheza kila siku, afadhali aombe kliniki impangie dozi upya, au waangalie kama anaweza kupata insulini mbili tofauti.

*Uwanjani na usiku.* Uwanjani inalinda vizuri, ikipigiwa hesabu sawa. Usiku ni habari nyingine, nami nililijua hilo kwa gharama. Siku ile ya 6.8 nilikunywa nusu soda, mapumziko nikasoma 4.6, nikamalizia nusu iliyobaki, mpira ukaisha salama. Nikarudi nyumbani nikachoma dozi yangu ya jioni kama kawaida, saa moja usiku. Kilele cha ile ya maziwa kinaanza saa tano usiku hadi alfajiri, saa zilezile misuli inalipwa deni lake. Saa nane niliamka shuka limelowa, mashine ikasema 3.1. Kosa lilikuwa langu, wala si la soda. Niliilinda mechi nikaisahau dozi ya jioni. Siku hizi, jioni ya mpira, dozi hiyo naipunguza kwa kiasi nilichokubaliana na daktari.

*Mfuko na uzito.* Haina gharama ya ziada isipokuwa stripu, na kwa anayepunguza uzito ndiyo yenye mantiki zaidi: huli usichokihitaji. Hatari yake ni kuzidisha. Wa aina ya kwanza haachi insulini yote kwa sababu eti leo anafanya mazoezi.

*Inamfaa* mwenye ratiba, anayejua Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni yuko gym.

Njia ya pili: kula wanga wa ziada

*Maandalizi.* Hakuna. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Ukiitwa uwanjani, ukipewa kazi ya kubeba matofali, ukikosa daladala ukaamua kutembea, unachohitaji kiko mfukoni.

*Insulini.* Inakubali zote, hata mchanganyiko.

*Uwanjani.* Kama dozi hukuipunguza, mtu mzima huweza kuhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya mazoezi, kwa vipande kila nusu saa. Soda ya chupa ya mililita 300 ina kama gramu 32. Vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji vinakupa 12 hadi 15. Tende tatu ndogo, karibu 15. Ndizi mbivu ndogo, hapohapo. Glukosi ya unga ni nyepesi kubeba. Mandazi na chokoleti viache nyumbani. Mafuta yanachelewesha sukari, na uwanjani huna muda wa kusubiri. Soda ile ya "sifuri", isiyo na sukari, nayo iache. Kuna jamaa alikimbiliwa nayo na watu wenye nia njema kabisa, akainywa yote, asipate kitu.

Tatizo la uwanjani ni kwamba dalili zinajificha. Jasho, moyo kwenda mbio, miguu kulegea: mchezaji yeyote anazo. Mimi najitambua kwa pasi. Nikimpa mpira mpinzani mara mbili mfululizo, natoka napima. (Wenzangu wanasema kwa kigezo hicho beki wetu wa kushoto ana kisukari cha muda mrefu.)

*Usiku.* Wanga wa saa kumi umeshakwisha saa nne usiku. Soda ya mapumziko haikufikishi alfajiri.

*Mfuko na uzito.* Saa moja ya kutembea haraka, kwa mtu wa kilo 70, inachoma kama kilokalori 300. Gramu 60 za sukari zinarudisha 240. Kama lengo lilikuwa kitambi, umezunguka ukarudi ulipoanzia. Meno nayo hayapendi, na kununua soda kila siku si hela ndogo. Lakini kwa mwenye mwili mwembamba, mtoto anayekua, au anayekimbia masafa, kula ni sehemu ya kazi. Mpiga makasia Steve Redgrave wa Uingereza aligundulika na kisukari mwaka 1997, na mwaka 2000 kule Sydney akachukua dhahabu yake ya tano ya Olimpiki, akila kwa wingi na kuchoma insulini mara kadhaa kwa siku. Hakuna wa kumwambia angepunguza wali.

*Inamfaa* asiye na ratiba, mkimbiaji wa masafa, na kila mtu kama akiba ya dharura hata akiwa anatumia njia nyingine.

Njia ya tatu: kuhamia alfajiri, kabla ya chai na kabla ya sindano

*Maandalizi.* Kuamka. Si dogo kwa anayetakiwa kuwa kituoni saa kumi na moja na nusu kuwahi daladala. Na kwa dada zetu, giza la alfajiri lina hatari zake. Klabu za joging zinasaidia kwa kuwa mnakimbia kundi, ila mara nyingi ni mwisho wa wiki.

*Insulini.* Mwenye insulini ya siku nzima pamoja na ya haraka anafaidi zaidi: saa hizo damu yake ina ile ya msingi tu. Mwenye mchanganyiko aliochoma saa moja usiku bado ana mkia wa dozi ya jana saa kumi na mbili asubuhi, hivyo asiamke akakimbia tu bila kupima. Akikuta 5.5, ale nusu ndizi.

*Uwanjani.* Homoni za alfajiri zinasukuma sukari juu, hakuna insulini ya chakula inayovuta chini, na mara nyingi namba inabaki palepale au inapanda kidogo. Watu wengine inawashangaza: wamekimbia kilomita tano na wametoka 7.5 wakafika 9. Hilo ni la kawaida. Ila ukirudi, choma na ule. Wa aina ya kwanza asijizungushe hadi saa nne bila sindano kwa kuwa "nimeshafanya mazoezi". Hapo ndipo ketoni huanza. Baadhi hugundua kwamba dozi ya chai siku hiyo inatakiwa ipungue, wengine hapana. Mashine yako ndiyo itasema, baada ya asubuhi nne tano za kuandika.

*Usiku.* Hapa inazipita nyingine. Saa za deni, kwa sehemu kubwa, zinakukuta mchana ukiwa macho na una watu karibu.

*Mfuko na uzito.* Bure. Ila kama kazi yako ni ya kutumia nguvu mchana, deni la alfajiri na kazi vinajumlishana. Weka kitu mfukoni kuanzia saa tano.

*Inamfaa* anayeogopa kushuka usingizini, anayelala peke yake, anayetaka kupungua, na mwenye stripu chache, kwa sababu alfajiri haina mabadiliko mengi ya kufuatilia. Haimfai anayeamka mara kwa mara akiwa na sukari ya chini. Huyo kwanza arekebishiwe dozi ya jioni.

Nyongeza ndogo

Ukiwa katikati ya mazoezi unaona sukari inateremka, mbio za nguvu zote za sekunde 10 mwishoni hupunguza kasi ya kushuka kwa muda mfupi. Vivyo hivyo, ukinyanyua vyuma kwanza kisha ndiyo ukimbie, sukari hutulia zaidi kuliko ukigeuza. Ni msaada tu, hauchukui nafasi ya tende mfukoni. Na wenye macho yaliyoathirika na kisukari wasinyanyue mizito wala kukimbia hivyo kabla daktari wa macho hajawaruhusu.

Jingine: siku ya kukimbia, choma tumboni badala ya pajani. Mguu unaofanya kazi hunyonya insulini haraka kuliko ulivyopanga.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Unachoma 70/30 mara mbili na mpira wako ni jioni: changanya. Wanga kidogo kabla na wakati wa mapumziko, dozi ya jioni ipunguzwe kwa makubaliano na kliniki, na kabla ya kulala glasi ya maziwa na slesi moja ya mkate, ambavyo ni kama gramu 25 za wanga. Tega alamu ya saa nane usiku upime, angalau wiki za mwanzo.

Una kalamu mbili, ya siku nzima na ya haraka, na ratiba inayoeleweka: anza na kupunguza dozi ya mlo wa kabla. Mpango usipotimia, mvua ikanyesha na kiwanja kikajaa maji, sukari itapanda. Rekebisha kwa mlo unaofuata.

Unafanya kazi ya nguvu isiyotabirika, bandarini au saiti: wanga mfukoni, na mwambie mtu mmoja kazini una nini na akupe nini ukianza kuongea ovyo.

Unataka kupungua na unaweza kuamka: alfajiri.

Mtoto wa shule mwenye vipindi vya michezo: mwalimu aambiwe, na mkebe wa sukari ukae kwenye begi lake. Michezo ya watoto haina saa, kwa hiyo kula ndiko kunakotangulia, kisha mzazi apunguze ya jioni kama alivyoelekezwa.

Unajiandaa na nusu maratoni ya Moshi au nyingine yoyote: utahitaji njia zote mbili za mwanzo kwa pamoja, na ufanyie majaribio kwenye mazoezi ya Jumamosi. Siku ya mbio si siku ya kujaribu dozi mpya.

Na kama baada ya mechi mnapita kwenye bia: pombe inalizuia ini kutoa sukari, juu ya misuli yenye njaa na dozi ya jioni. Kula chakula cha kueleweka kwanza, na anayelala chumba kimoja nawe aambiwe. Ukishindwa kuamshwa asikutie kitu chochote mdomoni. Akulaze ubavu, asikupake glukosi mdomoni, atafute gari la kukupeleka hospitali mara moja.